Nani Aliila Bushi

Elinipendo alipotoka kukamua ng'ombe alikuta jani la isale limelazwa juu ya meza ya jikoni, bichi, limepanguswa umande. Hakuhitaji kuuliza nani kalikata. Mama mkwe wake, Martha, alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, na macho yake hayakutoka kwenye ndizi.

"Mama, hili ni la nini?"

"La Jumapili," Martha akasema. "Baada ya ibada, kwenye mnada, utampelekea Ebenezeri. Mambo yaishe."

Huku Mwika kila mtu anajua maana ya kupeleka isale. Anayeletewa hawezi kukataa kusamehe, hata kama alikwisha kuapa. Lakini anayelipeleka naye amesema mbele za watu kwamba kosa ni lake, na hawezi kurudi kesho yake kudai kwamba hakukosa. Jani ni moja na kazi zake ni mbili, na Elinipendo alikuwa akiifikiria ile ya pili.

Alhamisi iliyopita pikapu ya Ebenezeri, imejaa mikungu ya kupeleka soko la Himo, ilivutwa upande kwenye kona ya chini ya shule ikaingia mtaroni. Bushi ya mpira kwenye springi ya nyuma ilikuwa imekwisha, springi ikahama, na gurudumu likaenda lilikotaka lenyewe. Dereva, Jesse, alivunjika mguu. Mguu wenyewe ulikuwa haujafungwa hogo la plasta wakati Ebenezeri alipomaliza kuitangazia Himo nzima kwamba bushi ile ililiwa na grisi ya Elinipendo.

Grisi hiyo haikuwa siri. Elinipendo aliipika hapo kihambani, shamba la nyumbani, kwa mafuta ya nyonyo, na mumewe, Aminieli, ambaye ni fundi wa springi pale Himo, aliipaka kwenye pini na katikati ya vyuma vya springi. Mafuta ya nyonyo peke yake hayafai kitu kwenye gari. Yakipata joto yanakimbia, na yakikaa yanachacha na kunuka. Kazi inafanywa na viungo. Chokaa inayagandisha, yasiondoke na maji. Nta ya nyuki inayafanya yang'ang'anie chuma. Karafuu, zikichemshwa humo na kuchujwa, zinayazuia yasichache. Elinipendo alikosea na kurekebisha kwa miaka sita mpaka akavipata vipimo vyake, na madereva waliomcheka kwamba magari ya Himo sasa yananukia pilau ndio hao hao waliorudi na makopo matupu kuomba mengine.

"Nikimpa Ebenezeri isale," akasema, "nimekubali kwamba grisi yangu inakula mpira. Hakuna dereva atakayeigusa tena maisha yangu yote. Na si kweli, mama."

"Ukweli utamtibu Jesse? Ebenezeri amesema hatoi hata shilingi ya hospitali mpaka mwenye kosa ajitokeze."

Aminieli alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Alisema tu kwamba pikapu ya Ebenezeri bado iko kwenye uwanja wa gereji yake, na kwamba wateja wawili wameshahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Hakusema mkewe aende wala asiende. Elinipendo alimkasirikia yeye kuliko Martha, maana Martha angalau alikuwa amesema.

Akalichukua isale, akaliweka kwenye glasi ya maji ili lisinyauke. Martha alidhani amekubali.

Siku hiyo hiyo aliteremka Himo na mumewe. Kwenye mlango wa gereji walikuta makopo matatu ya grisi, hayajafunguliwa, yameachwa chini kama mtu anavyorudisha sahani ya jirani aliyegombana naye. Hapakuwa na ujumbe wala salamu.

Kabla hajayaokota, dereva mmoja aliyekuwa mteja wake wa tangu mwanzo alisimamisha gari lake, akamwomba Aminieli aisafishe springi kwa dizeli, aitoe grisi yote, aweke ya dukani. Aliomba hivyo Elinipendo akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na alipomaliza akamwamkia, "Habari za asubuhi, Mama Gladness," kwa sauti ya mtu asiye na neno na mtu. Aminieli akachukua dizeli akaosha. Elinipendo alimwangalia mume wake akiifuta kwa tambara kazi ya mkewe.

Kisha akachukua spana, akatandika gunia, akalala chali chini ya pikapu ya Ebenezeri. Pale kwenye banda la chai watu walicheka. Mama mtu mzima, ana binti chuoni, miguu inaonekana nje ya gari na kitenge kimefungwa kwa kamba. Aliwasikia vizuri sana, na aliendelea kufungua nati.

Bushi ilitoka kwa vipande. Mpira ulikuwa umevimba, laini, unamenyeka kwa kucha, na uliacha weusi vidoleni. Akaunusa. Haukuwa na harufu ya karafuu hata kidogo. Ulinuka oili chafu, ile inayomwagwa injini inapobadilishwa oili, na hapo hapo akaelewa, kwa sababu Himo nzima inajua kwamba Ebenezeri hupigisha magari yake yote manne oili chafu chini kabla ya masika, tope lisigande na chuma kisishike kutu. Oili hiyo anaipata bure. Wengi wanafanya hivyo, na bushi zao zinakufa mapema, na wananunua nyingine bila kujiuliza.

"Mpira na oili ya injini havipatani," akamwambia mumewe. "Nyonyo haiugusi mpira. Wewe unajua."

"Kila fundi anajua," Aminieli akasema. "Nani atamwambia Ebenezeri?"

Na kweli, nani. Ebenezeri si mtu mbaya kumtazama. Mabati ya nyumba ya mchungaji alitoa yeye. Kwenye mnada wa kanisa hununua jogoo kwa bei ya mbuzi, kisha humrudisha auzwe tena. Ukibishana na mtu wa namna hiyo watu wanaanza kukuuliza wewe ulitoa nini.

Elinipendo alitaka kutoka chini ya gari akiwa mshindi. Lakini mkono wake ulipita juu ya springi yenyewe, na springi ilikuwa kavu. Akapitisha kidole kwenye pini. Pakavu, pana kutu. Mahali palipotakiwa kuwa na grisi yake hapakuwa na chochote.

"Hii uliipaka lini?"

"Machi, kabla ya mvua," Aminieli akajibu. "Kutoka kwenye makopo mapya."

Akatoka, akaketi kwenye gunia. Aliikumbuka siku ile. Chokaa ilikuwa imekwisha katikati ya kupika, sufuria liko motoni, na Martha, ambaye hajawahi kupika kiburu, ndizi na maharage, bila magadi, alitumbukiza magadi. Maharage magumu yanalainishwa na magadi, mahindi yanalainishwa na magadi, kwa nini grisi isilainike? Na ililainika. Iligeuka nyororo kuliko zote alizowahi kupika, na Elinipendo, aliyekuwa na kawaida ya kujaribu kila sufuria kwenye maji kabla ya kuuza, siku hiyo aliisugua kati ya vidole viwili, akaipenda, akajaza makopo kumi na manne. Alijua hajaijaribu. Wateja walikuwa wanasubiri.

Alifungua kopo moja lililorudishwa, la sufuria lile lile, akatia kidogo kwenye bilauri ya maji, akakoroga kwa kijiti. Maji yakawa meupe, yakafanya povu. Ilikuwa sabuni. Mvua ya Aprili iliifua yote ikaiacha springi uchi.

"Yangu iliondoka na mvua," akasema taratibu. "Yake ikala mpira. Makosa ni mawili, Baba Gladness."

Aminieli aliangalia huku na huku kwanza. "Mimi nimeona moja," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo bushi. Ukitamka magadi mbele ya Ebenezeri, atalikamata hilo na lake halitatajwa tena. Nakuomba. Nyamaza."

Hilo ndilo neno pekee alilosema wiki nzima lililokuwa na uzito, na Elinipendo alisikitika kwamba liwe hilo.

Alinunua bushi mpya moja, ya mpira wa aina ile ile, akaikata katikati kwa msumeno wa chuma. Nusu akaitia kwenye chupa ya jamu yenye oili chafu. Nusu ya pili akaitia kwenye chupa yenye grisi yake ya chokaa, ile halali. Akazifunga, akaziweka dirishani jikoni, na akamweleza Martha yote, pamoja na habari ya magadi. Hakumlaumu. Alisema wazi kwamba sufuria lilikuwa lake na kopo lilikuwa na jina lake.

Martha aliondoka akaenda mpakani mwa kihamba, kwenye ule mstari wa masale, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Siku zilizofuata alipita dirishani kila mara kwa visingizio, mara anatafuta chumvi, mara anafukuza kuku asiyekuwepo. Ijumaa uvumilivu ulimwisha, akanyoosha kidole kwenye chupa ya oili chafu.

"Hiki kinanenepa," akasema.

"Na kile kingine?"

Martha akainama, akaangalia sana. "Kiko vile vile," akasema, kana kwamba kimemkera.

Jumamosi Elinipendo alichukua maziwa lita mbili akaenda kumwona Jesse. Mke wake, Kindness, alipokea maziwa bila kumtazama usoni, akamwonyesha kiti. Jesse alikuwa kitandani, mguu wenye hogo juu ya mto, kijana wa miaka thelathini aliyekonda ndani ya wiki moja. Alimwamkia shikamoo, na Elinipendo akaitikia marahaba akiona haya.

Jesse alimwambia kwamba springi ilianza kulia tangu katikati ya Aprili, kila shimo inalia. Alimwambia Ebenezeri mara mbili kwamba gari lirudi kwa Aminieli. Mara zote mbili aliambiwa alipige oili chini, kelele zitakwisha. Na kweli zilikwisha kwa siku tatu.

"Utayasema hayo kesho?" Elinipendo akauliza.

Jesse aliuangalia mguu wake. "Nikiyasema nitaendesha gari la nani, mama?"

Kindness alikuwa amesimama mlangoni. "Mpelekee tu hilo isale, Mama Gladness," akasema. "Wewe unapoteza makopo. Sisi tunapoteza mguu."

Elinipendo alifungua kinywa aseme habari ya magadi. Akalikumbuka neno la Aminieli, nyamaza, akalitii. Aliaga, akapanda mlima na ndoo tupu, na njia nzima alijiona mwoga. Alikuwa anataka Jesse aseme kweli kwa gharama ya kazi yake, na yeye mwenyewe ameshindwa kusema yake kwa mtu aliyelala kitandani.

Jumapili ibada ilikuwa ndefu na mnada ulianza jua likiwa kali. Vitu vilikuwa vile vya siku zote: mikungu, maparachichi, mayai kwenye beseni, chupa za maziwa, majogoo waliofungwa miguu. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi ana sauti ya kuuza hata jiwe. Mchungaji alibaki ndani. Yeye huwa hayataki masale kwenye uwanja wa kanisa, na kwa vile anajua hawezi kuyazuia, hujitafutia kazi huko vestri, chumba cha mavazi ya ibada.

Elinipendo alikuwa ametoa kopo la grisi ya chokaa kama sadaka, kama alivyofanya kila mwaka baada ya masika. Mzee alilinyanyua, akatangaza, akasubiri. Kawaida madereva hushindana. Leo mmoja alikohoa. Mwingine akatazama viatu vyake. Mzee akaliweka kopo chini, nyuma ya beseni la mayai, kwa upole uliomuumiza Elinipendo kuliko kama angelirusha.

Ebenezeri alikuwa mbele, koti la kijivu, mikono nyuma. Jesse alikuwa ameletwa na kuketishwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, magongo yameegemea ukuta. Ilikuwa wazi nani amemleta na kwa nini. Watu walihitaji kuuona ule mguu.

Elinipendo akatoka mbele na kikapu. Akaweka chupa mbili juu ya meza ya mnada.

"Shikamoo, mzee Ebenezeri."

"Marahaba, mama." Alikuwa mpole. Ameshamsamehe, ilionekana, na alikuwa anasubiri tu taratibu zikamilike.

"Umesema grisi yangu inakula mpira. Jumatatu nilikata bushi moja vipande viwili. Nusu hii imekaa kwenye grisi yangu. Nusu hii imekaa kwenye oili chafu." Akavitoa vipande vyote viwili kwa kijiko, akavifuta, akaviweka kwenye sahani. Kimoja kilikuwa kigumu na safi, kama kilivyotoka dukani. Cha pili kilikuwa kimevimba karibu mara moja na nusu, na alipokibonyeza kwa kidole kikabaki na shimo. Kisha akakunjua kitambaa na kuweka pembeni vipande vya bushi iliyotoka kwenye pikapu. "Na hivi vimetoka kwenye gari lako. Wenye pua wanuse."

Madereva walisogea. Wale wale waliotazama viatu sasa walinusa, wakabonyeza, wakapeana. Mmoja alisema polepole kwamba hata yeye anapiga oili chafu.

"Unaniaibisha mbele ya kanisa," Ebenezeri akasema, bado kwa upole.

"Sijamaliza," Elinipendo akasema.

Akatia mkono kikapuni akatoa isale. Aminieli, aliyekuwa nyuma kabisa, alifumba macho. Ebenezeri aliliona jani, uso ukamlegea kwa nafuu, akanyoosha mikono yote miwili mbele kulipokea, kama inavyotakiwa.

Elinipendo akampita.

Akaenda mpaka kivulini, akapiga magoti mbele ya kiti cha plastiki. "Jesse," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye geti, "sufuria la Machi nililipika kwa magadi badala ya chokaa. Sikulijaribu kwenye maji, na nilijua sijalijaribu. Mvua iliiosha grisi yote, springi ikabaki kavu, ikaanza kukulilia. Kosa hilo ni langu. Jana nilikuja kwako nikashindwa kulisema. Kila mwenye kopo la Machi alirudishe, nitampa jingine. Lakini mpira sikuula mimi. Hilo sitalikubali leo wala nikiwa kaburini."

Jesse alilipokea isale kwa mikono miwili. Alimtazama Kindness, Kindness akamtazama yeye, na hapo akasema, si kwa sauti kubwa lakini alisema, "Nilimwambia mzee mara mbili. Akaniambia lipigwe oili."

Ebenezeri bado alikuwa amenyoosha mikono. Labda alisahau kuishusha, labda hakujua aishushe vipi watu wote wakimtazama. Ndipo Martha akatoka katikati ya wanawake, anatembea kwa fimbo, hana haraka. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa isale la pili.

"Nilikata mawili," akasema. "Hili nilikata kwa ajili yangu, maana magadi niliyatia mimi. Lakini mkwe wangu ameyabeba na yangu." Akaliweka kwenye mikono ya Ebenezeri iliyokuwa wazi. "Jesse yule pale, mwanangu. Ni hatua chache."

Isale halitupwi chini. Haliwekwi mfukoni. Ebenezeri alibaki amelishika, mtu aliyenunua majogoo wa uwanja huo kwa miaka kumi, na hakuna aliyemsaidia kwa neno wala kwa mzaha. Mnadi alikuwa na mayai mkononi na hakuyanadi. Mwishowe Ebenezeri akatembea. Hakupiga magoti. Alisimama mbele ya dereva wake, akanyoosha jani, akasema kitu kifupi kuhusu hospitali ambacho ni Jesse na Kindness tu waliokisikia.

Jesse hakulipokea mara moja. Alilipanga kwanza vizuri mapajani lile la Elinipendo. Akavuta gongo moja lililotaka kuteleza, akaliegemeza upya ukutani. Akamwacha mzee Ebenezeri asimame juani amenyoosha mkono, muda wa mtu kuhesabu mpaka ishirini bila haraka. Ndipo akalichukua.

Mnadi akakohoa, akaliibua kopo kutoka nyuma ya beseni la mayai, akauliza nani anaanza. Yule dereva aliyeoshewa springi yake kwa dizeli akataja bei. Ilikuwa ndogo, na mwingine akaiongeza.

Wakirudi nyumbani Aminieli alitembea mbele, na kikapu cha mkewe alikibeba yeye. Martha alisimama kwenye mfereji kupumzika.

"Kesho kutwa nenda Kiboriloni ukanunue chokaa," akasema. "Mifuko miwili."

"Ndiyo, mama."

"Na magadi uyaweke sehemu nyingine, nisiyaone karibu na lile sufuria lako. Yale ni ya kiburu."